Kitabu Kilichofungia Mandazi

Juzi rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliniazima kitabu cha mpishi wa ng'ambo anayesimulia maisha yake jikoni. Nadhani alikisoma huku akikaanga kitu, kwa sababu katikati kilikuwa na doa la mafuta kubwa kama kiganja. Karatasi ilikuwa imelainika pale, maneno ya upande wa pili yakionekana kama samaki chini ya maji. Nilikifungua nikiwa nimekaa kwenye baraza la mgahawa wangu hapa Kisumu, nikakisogeza puani kabla sijajua ninafanya nini. Harufu ya karatasi iliyokunywa mafuta. Sikusoma tena asubuhi ile.

Nimesema mgahawa wangu, na nitalirudia neno hilo kila nikipata nafasi. Una meza ishirini na mbili na jiko ambalo nililichora kwa mkono wangu mwenyewe. Sikurithi kitu, sikuolewa na tajiri, sikuwa na mjomba serikalini. Niliosha sufuria za watu miaka minne katika mji ambao jua lake halina joto, nikasoma jioni, nikapata diploma ya uendeshaji wa hoteli, nikapanda kutoka kwenye karo la kuoshea vyombo hadi kwenye jiko, na kutoka kwenye jiko hadi kwenye ofisi yenye mlango. Kisha nikarudi nyumbani na masanduku mawili na visu sita. Diploma iko ukutani, mwenye macho aisome.

Sisi wasomaji wa Jumamosi ni wanawake sita, wote wa rika moja, na tunakutana kwenye meza yangu ya pembeni. Yule mwalimu ndiye aliyeanza ubishi. Alisema kitabu cha mpishi ndicho kitabu cha maana kwa sababu ni maisha ya kweli, na kwamba riwaya ninazozipenda mimi, za visiwa na nyumba nyeupe na wanawake wasiobeba masanduku yao wenyewe, ni za watu wanaokimbia maisha. Wenzetu wakatikisa vichwa kukubali, kana kwamba wako kanisani.

Mimi sikutikisa. Nimesoma vitabu vya wapishi kumi na moja na ninavifahamu kama njia ya kwenda chooni. Sura ya kwanza, nyanya yake anakoroga supu. Sura ya pili, mpishi mkuu anamtukana. Sura ya tatu anaungua mkono, na tangu hapo hadi mwisho anatuonyesha kovu lile kama askari aliyerudi vitani. Mwosha vyombo anapita kwenye mlango wa nyuma bila jina. Mimi nilikuwa yule mwosha vyombo, na jina nilikuwa nalo. Tena katika vitabu vyote kumi na moja, watu wanakula na kunywa na kulia machozi mezani, lakini hakuna mteja hata mmoja mwenye mkwe. Mtu aliyeendesha hoteli bila kujua habari za wakwe, mimi simhesabu kuwa amewahi kuendesha hoteli. Niliwaambia hivyo, wakacheka, nikawaambia habari ya hoteli ya Mama. Sasa naiandika, maana mdomoni niliifupisha.

Hoteli ya Mama ilikuwa Katito, hatua chache kutoka pale barabara ya Kendu Bay inapoachana na ile ya Kisii. Ukuta wa udongo, paa la mabati, meza tatu na mabenchi yake. Menyu ilikuwa mdomo wa Mama: ugali kwa samaki ngege, ugali mgongo wazi, chai mandazi, chapati zikiwepo. Mnaukumbuka mgongo wazi. Viwanda vilichukua nyama ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, vikatuachia mifupa, na Mama aliikaanga mifupa ile mpaka watu wenye mishahara wakashuka kwenye basi kuitafuta. Alizaliwa ufukweni, Asembo Bay, akaolewa Nyakach, kwa hiyo barabara nzima ilimwita Nyar Asembo, binti wa Asembo. Baba alikuwa mlinzi kwenye mashamba ya chai huko juu, akirudi nyumbani mara chache kwa mwaka, na alipokuwa hayupo, aliyesema kwa niaba yake alikuwa dada yake mkubwa, shangazi yetu wa Kendu Bay. Sisi tulimwita Waya, kama watoto wote wa Kijaluo wanavyomwita dada ya baba yao.

Mama hakusoma. Kila alipokwenda Kisumu kununua unga alirudi na furushi la karatasi kuukuu za kufungia vyakula: magazeti, madaftari ya watoto yenye alama nyekundu, na vitabu. Kitabu kilitobolewa pembeni, kikapitishwa kamba, kikatundikwa kwenye msumari karibu na karai la mandazi. Mama alichana kuanzia nyuma, kwa sababu upande wa nyuma ndio uliomwelekea alipokaa kwenye kigoda chake. Mimi nilisoma kuanzia mbele. Yalikuwa mashindano. Siku ya kawaida nilifika mbali. Siku ya soko mandazi yalishinda. Nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa nimeshasoma riwaya nyingi kuliko mwalimu wangu wa Kiingereza, lakini sikuujua mwisho wa hata moja. Wasafiri walikuwa wameenda nao Kisii, wameulamba mafuta, wameutupa dirishani.

Msinionee huruma. Nilikuwa na visiwa. Nilikuwa na meli nyeupe, madaktari wanaopiga magoti, mwanamke aliyevaa kofia pana akimwambia mwanamume kwamba hatamsahau kamwe. Nilisoma nimekaa juu ya gunia la mkaa, moshi ukiniwasha macho, vidole vikinuka vitunguu, na nikiinua kichwa nilimwona Mama akisonga ugali kwa mikono miwili, jasho likimtiririka hadi kwenye kiwiko. Sikuwa nikimkimbia. Nilikuwa nikienda mahali na kurudi, kama basi lolote.

Katika pembe ya nyuma ya hoteli, Mama alikuwa ametundika magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, na nyuma yake kulikuwa na kibenchi na meza ndogo. Lile lilikuwa pazia. Hakuna aliyelitaja. Mtu aliingia kutoka barabarani, akatupa macho haraka kwenye meza, halafu akapita moja kwa moja nyuma ya pazia bila kuuliza, na Mama akampelekea chakula huko. Wakati mwingine alikuwa mzee mwenye fimbo na saa ya mkono, wakati mwingine mama mzima mwenye kikapu. Kwa kuwa katika riwaya zangu watu wakubwa hula katika chumba chao peke yao, niliamini kwamba pazia lilikuwa la watu wakubwa. Nilimpangusia meza kila aliyeketi pale kwa heshima ya kupita kiasi, na mmoja aliniuliza kama naumwa.

Ninyi mliokulia kwetu mnajua lilikuwa la nini. Mwanamume na mama mkwe wake hawaonani wakila. Lakini barabara haichagui. Mkwe anatoka Kisumu, mama mkwe anatoka Sondu, wote wana njaa, na hoteli ni moja. Mama alisema hoteli ni barabara iliyoezekwa tu, kwa hiyo yeyote anaweza kupita, mradi macho yasikutane juu ya chakula. Kwa magunia mawili alikuwa ameokoa heshima ya nusu ya Nyakach. Nimefundishwa na watu wenye vyeti vya dhahabu jinsi ya kupanga wageni mezani, na hakuna aliyenifundisha jambo la akili kuliko lile.

Sasa dada yangu Awuor. Aliolewa na Ouma, fundi wa baiskeli, wakakaa Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Mwaka mmoja baadaye alirudi nyumbani asubuhi na mapema, kibao chake cha kusukumia chapati kichwani na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Alimwambia Mama kwamba alikuwa ameanza kupika chapati barabarani pale Otonglo, na kwamba Ouma alilichukua beseni la unga uliokandwa akalimwaga kwenye mtaro. Ouma alituma watu wakasema sivyo: unga ulipinduliwa na mbuzi wa jirani, na Awuor aliondoka kwa uvivu tu, hataki kazi za nyumbani. Neno la mwanamume lilisafiri haraka kuliko la mwanamke. Kufikia mwisho wa mwezi, hata wanawake waliokuja kunywa chai kwetu walimwangalia dada yangu, aliyekuwa amesimama kwenye moto tangu alfajiri, wakasema taratibu kwamba uvivu ni ugonjwa mbaya.

Ouma alianza kuja. Aliendesha baiskeli kutoka Otonglo hadi Katito, safari ya kumtoa mtu pumzi, akasimama ng'ambo ya barabara chini ya paa la duka, akatuma mtu kumwita Awuor. Awuor hakutoka. Na hapo ndipo nilipoliona jambo nililodhani kwamba watu wazima wote hawalioni. Kila Mama alipomwona Ouma, alivuta leso hadi kwenye paji la uso, akageuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Na Ouma, akimwona Mama anakuja njiani, aliingia majanini na baiskeli yake. Nikaelewa. Wawili hawa walichukiana. Mama hakuweza hata kuuona uso wake. Ndiyo sababu Awuor hakurudi kwake: alikuwa akimtii Mama.

Nilijua kulikuwa na mambo ya wakwe, kama unavyojua kuna mambo ya mizimu, yaani kwa kusikia watu wakinyamaza. Lakini heshima na chuki, ukiziangalia kutoka kimo cha mtoto, zina mgongo mmoja.

Na dawa nilikuwa nayo, imetundikwa msumarini. Riwaya iliyokuwa pale wiki ile ilikuwa na familia inayoishi kwenye kisiwa. Binti ameolewa, ametoroka, amerudi. Mama yake hataki kumwona mume wa binti. Basi mdogo wake, msichana wa umri wangu kabisa, anapanga siri: anamwita shemeji yake kwa chakula cha mchana bila kumwambia mama, anafungua milango miwili mikubwa, na hao hapo, uso kwa uso, meza ndefu katikati. Yule mama anainua glasi yake. Na hapo mandazi yalikuwa yamekula kilichobaki. Lakini nani asingejua kilichofuata? Wamekaa meza moja. Wamepatana.

Siku moja nilingoja Mama aende kusagisha mahindi. Ouma alikuwa ng'ambo, ameinama juu ya mnyororo wa baiskeli. Nikavuka nikamwambia Ouma kwamba Mama ameenda kwao Asembo, harudi hadi kesho, na kwamba Awuor amesema aingie ale kwanza, watazungumza. Aliniangalia muda mrefu. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na njaa ya njia ile yote. Akauliza kama ni kweli. Nikaapa. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa nyuma ya pazia, nikampelekea mgongo wazi mkubwa kuliko yote na ugali wa watu wawili. Awuor alikuwa mtoni anaosha masufuria, hakujua lolote.

Mama alirudi wakati wateja wamepungua. Alitua debe la unga, akanawa, akajipakulia, akakaa mahali pake pa kila siku, mgongo ukielekea pembe ile. Nilimwacha ale matonge mawili. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Nikashika magunia kwa mikono miwili na kuyavuta kando kama milango.

Mama aligeuka kuona ni nini. Tonge lilikuwa mdomoni. Ouma alikuwa ameshika kichwa cha mbuta kwa mikono miwili, anafyonza jicho.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama alijifunika uso wote kwa leso na kubaki hivyo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Ouma aliusahau mlango, akatoka kwa dirisha lililokuwa dogo kuliko yeye, akaacha kiatu kimoja na kipande cha ukuta. Mwendeshaji wa trekta aliyekuwa meza ya mbele aliweka kijiko chini, akasimama, akachukua kofia. Jirani yake akamfuata. Waliacha chakula chenye moshi wake. Nilibaki katikati ya hoteli nimeshika gunia, nikimngoja mtu ainue glasi.

Siku tatu hakuna mtu aliyekula kwetu. Mnajua neno chira, ile laana inayomkausha mtu aliyevunja mwiko. Hakuna aliyetaka kuwa karibu nayo na sahani mkononi. Mama hakunipiga. Alikaanga mandazi kila asubuhi kama kawaida, yakapoa, akawapa mbwa. Nilimwomba anipige, akasema hana nguvu za kupoteza. Usiku wa pili Awuor ndiye aliyenieleza pazia lilikuwa la nini, na kwamba Mama hakuwahi kumchukia Ouma. Alipokuwa akizunguka nyuma ya nyumba, alikuwa akimheshimu. Nilikuwa nimesoma kitabu cha nyumbani kwetu kuanzia nyuma.

Siku ya nne Waya alifika kutoka Kendu Bay akiwa na chupa ya manyasi, dawa ya majani inayoondoa mambo kama yale, na maneno yake yakiwa tayari. Alimwita Ouma akaja, akamwingiza nyuma ya pazia kwa mlango wa nyuma, amnyweshe huko. Mama alinywa upande wa mbele. Awuor alisimama kwenye meza ya chapati, hakuitwa na hakufukuzwa. Waliponyoosha nyuso zao zilizokunjwa na uchungu wa dawa, Waya alisema hilo la wakubwa limekwisha, sasa la mtoto. Mtoto ameharibiwa na vitabu vya wazungu. Vitabu vitaingia motoni leo hii, na mtoto ataenda naye Kendu Bay akafunzwe adabu na kazi za mikono. Shule ataiona mbele ya safari, kama itaonekana. Alikuwa ameshaifunga nguo yangu ya kanisani na sweta kwenye leso. Bonge lile lilikuwa juu ya meza, kando ya chupa.

Nilileta vitabu kwa gunia, vyote tisa. Nilivihesabu, nisije nikaonekana nimeficha.

Mama aliviangalia. Akauliza ni kipi kilichonifundisha kufungua pazia. Nikakitoa. Akasema, "Soma. Tukichoma mtu, kwanza tumsikie."

Waya akaguna. "Nyar Asembo, unataka kesi na karatasi?"

"Nataka nijue nimeaibishwa na nani."

Nilisoma kwa Kiingereza, nikageuza kwa Kijaluo, sentensi kwa sentensi. Nilisoma habari za kisiwa, binti aliyerudi, mama asiyetaka kumwona mkwe. Waya alipinga jambo moja, kwamba mwanamke gani mwenye akili hujenga nyumba mahali ambapo maji yamemzunguka, halafu hakupinga tena. Alikuwa amekaa. Nilisoma milango ikifunguliwa. Nilisoma glasi ikiinuliwa. Nikafika pale palipochanwa.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Halafu?"

Ouma hakupaswa kusema kitu. Nadhani alikuwa amesahau alipo. Mama alivuta leso, lakini niliona bega lake likitikisika, na hakuwa akilia.

Nikasema hakuna halafu. Kurasa zilizobaki zilifungia mandazi.

"Mimi nilidhani," sauti ile ikaendelea, polepole sasa, kama mtu anayepima barafu kwa mguu kabla ya kuikanyaga, "nilidhani yule bwana atasema kwanza alichofanya. Kabla yule mama hajanywa."

Mtaniambia nimetia chumvi, maana Ouma hakuwa ameona barafu maishani, na mimi ndiye niliyeikanyaga baadaye. Lakini ndivyo alivyosema, akipima. Mama aligeuka akaliangalia gunia. Hakuwahi kumsemesha mkwe wake hata neno moja tangu aolewe binti yake. Akalisemesha gunia.

"Na alifanya nini?"

Tulisikia kibenchi kikilia. Nje basi lilipita likielekea Kisii bila kusimama.

"Unga niliumwaga mimi, Mama. Hakukuwa na mbuzi. Watu walikuwa wanasema mke wa fundi anauza barabarani, mume hatoshi. Nikaona aibu, nikamwaga. Halafu nikaona aibu ya kumwaga, nikasema mbuzi."

Nimeketi kwenye mikutano ya watu waliolipwa vizuri ili waseme ukweli, na sijasikia tena ukweli ukitoka hivyo. Ana kwa ana asingeweza. Katika kisiwa cha wale wazungu, na milango yao mikubwa na meza yao ndefu, angesema mbuzi hadi leo.

Mama alimwuliza Awuor, bila kumgeukia, kama amesikia. Awuor alikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Alisema amesikia na anataka wanaokunywa chai hapa wasikie pia, na wa Otonglo. Kwamba atarudi na kibao chake, atakaa pale pale barabarani, na Ouma atamtengenezea banda kwa mikono yake, mbele ya hao watu wanaosema.

"Nitajenga," pazia likasema.

"Na huyo mbuzi," Awuor akasema, "umwombe msamaha mwenye mbuzi."

Hapo hata Waya alicheka, mara moja, akaifuta midomo kana kwamba kicheko kilikuwa mafuta. Ouma akatoka kwa mlango wa nyuma kama alivyoingia. Banda alilijenga. Awuor alipika Otonglo hadi magoti yalipomkataa. Walipatana na kugombana kama watu wengine, na sijasema kwamba riwaya ilimgeuza mtu kuwa malaika. Ninachosema, na namwambia rafiki yangu mwalimu asome mara mbili, ni kwamba nilipoleta kitabu cha uongo katika hoteli ya kweli nilileta balaa, kisha kitabu kile kile kikamfungua mdomo mwanamume ambaye hakuna mzee, mchungaji wala chifu aliyekuwa amemfungua. Yeyote anayetaka kuita hiyo kukimbia maisha, aje anionyeshe kovu lake.

Lakini siku ile mimi sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa naliangalia lile bonge la nguo. Waya alisimama, akakung'uta gauni, akalichukua. Alisema mambo ya Awuor yamekaa sawa, ashukuriwe Mungu, ila ya mtoto yako pale pale. Mtoto aliyemdanganya shemeji yake, akamdanganya mama yake, akaapa kwa uongo, hawezi kuachwa na gunia la vitabu karibu na barabara yenye magari. Atakuja kuishia wapi? Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu, na haukuwa wa mtu mbaya. Gari la Kendu Bay lilikuwa tayari linapiga honi kwenye makutano.

Nilimwangalia Mama. Alikuwa akipanga kuni. Alipanga ukuni mmoja, wa pili, wa tatu, na nilidhani amekubali.

Kisha akaja, akaliondoa lile bonge kwapani mwa Waya, kwa upole, kama unavyomwondolea mgeni mzigo.

"Nyar Asembo," Waya akasema, "ndugu yangu hayuko, kwa hiyo mimi ndimi nasema. Huyu mtoto ataharibika."

"Labda," Mama akasema. "Akiharibika, aharibikie hapa ninapomwona."

Waya aliniangalia, akamwangalia yeye, akaangalia vitabu tisa sakafuni. Honi ililia tena. Akaniachia mkono, akajifunga leso vizuri, akatoka, na kwenye mlango alipishana na mwendeshaji wa trekta, ambaye alikuwa amesimama nje na kofia mkononi sijui tangu lini. Huyo akauliza kama chai ipo.

"Ipo," Mama akamwambia. Halafu kwangu, "Wewe, mtu anataka kunawa. Maji."